Mkunga wa Safu ya Kwanza

Kwa miaka yote niliyomjua pale Ibra, mji wa ndani wa Oman, sikupata kumsikia mtu akimwita kwa jina lake. Wachezaji walimwita Mkunga. Kocha alimwita Mkunga. Hata marefa waliokuja kuchezesha mechi mara mbili kwa mwaka walijua kwamba yule bibi aliyekaa safu ya kwanza, upande wa wanawake, mkabala na benchi yetu, ni Mkunga, na kwamba ukipuliza filimbi isiyo ya haki atakutazama mpaka mechi iishe.

Alikuwa keshastaafu. Chuo chetu kilikuwa kidogo, na timu yake ya mpira wa kikapu ilikuwa na vijana kumi na mmoja tu, jezi zao zimefuliwa mpaka namba zimefifia. Watazamaji tulikuwa hamsini tukijitahidi. Lakini yeye alikuja na chupa yake ya chai ya tangawizi na mto mdogo wa kukalia, akajipanga kama mtu aliyealikwa harusini.

Nusu ya vijana wale aliwapokea yeye mwenyewe walipozaliwa. Hilo ndilo lililomfanya aone mechi ambayo sisi wengine hatukuiona. "Yule namba kumi na moja alitanguliza miguu," alininong'oneza siku moja. "Toka saa ile hajafanya jambo kwa mpango wake. Mtazame, anapiga kabla hajasimama sawasawa." Na kweli, namba kumi na moja akapiga, mpira ukagonga ubao ukarudi. Kuhusu mlinzi wetu mrefu kuliko wote alisema kwamba alizaliwa mdogo kama kuku wa kienyeji, na mama yake alilia siku nzima. "Nikamwambia, usilie, mtazame miguu yake." Vijana wenyewe waliyajua hayo na waliona aibu. Kabla ya mechi walipita mmoja mmoja kumsalimia, wengine kwa shikamoo, wengine kwa kumbusu kichwani kama desturi ya huku, halafu wakaondoka haraka asije akawatolea siri zao mbele ya wenzao.

Mimi nilikutana naye kwa sababu ya ngeli. Nilikuwa msichana wa mwaka wa kwanza, nimekaa safu ya tatu, nazungumza na mama yangu kwa simu. Baba yangu alirudi Oman kutoka Tabora akiwa kijana, na Kiswahili chetu cha nyumbani kilikuwa kimechanganyika na kila kitu. Nikasema kwenye simu, "Mama, mpira imeingia!"

Yule bibi wa mbele akageuka. "Mpira umeingia, mwanangu. Mikate ndiyo imeingia."

Nikakata simu kwa aibu. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani kakufundisha hicho Kiswahili?"

"Nyumbani. Baba katoka Tabora."

"Aa! Mtu wa bara." Akalisogeza buibui lake na mto wake, akapiga benchi kwa kiganja. "Basi njoo ukae hapa. Nitakutengeneza."

Toka siku hiyo jina langu kwake likawa Mtu wa Bara, na kiti changu kikawa kile.

Kiswahili chake kilikuwa cha Unguja mjini, cha zamani, cha watu waliosema skuli na si shule, na waliotamka kheri na khabari kutoka kooni. Alipoudhika alihamia Kiarabu, na alipoudhika sana alirudi kwenye Kiswahili, kwa sababu refa hakukijua. Alikuwa mtu wa sala tano na adabu nyingi, asiyekubali mtu atafune huku anasema, lakini kwa marefa alikuwa na maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Aliyasema kwa sauti ya chini, na tabasamu usoni, kama mtu anayemwombea mwenzake dua. Wakati huo huo hakuruhusu mtu wa upande wetu ashangilie mchezaji mgeni akikosa mpira wa adhabu. Msichana mmoja wa mwaka wangu alipiga makofi mchezaji wa Nizwa alipokosa, Mkunga akamshika mkono. "Na yule ana mama yake," alisema. "Shangilia wetu wakipata. Wao wakikosa, nyamaza."

Siku ya pili baada ya kila mechi, alasiri ikishapita, tulikusanyika kwake. Nyumba yake ilikuwa na sebule ndefu yenye mikeka na mito, na pembeni meza ndogo yenye dalle, birika la kahawa, tende, na vitumbua alivyopika mwenyewe. Aliyekuwa hakosi ni Bwana Amour, jirani yake, aliyekuwa karani wa serikali kwa miaka mingi na aliyeamini kwamba kila kitu duniani kina jedwali lake. Bwana Amour alikuja na daftari la matokeo ya vyuo vya miji yote. Ibra kamfunga nani, Sur kafungwa na nani, Nizwa kapata pointi ngapi robo ya tatu. Mwanzo wa msimu, mechi mbili tu zikiwa zimechezwa, yeye tayari alikuwa amekwisha kupanga nani atatwaa kikombe.

"Nizwa wamemfunga Sur kwa kumi na nne," alitangaza mara moja, kabla hajakaa. "Sisi Sur katufunga kwa mbili. Kwa hiyo, kwa hesabu, Nizwa atatufunga kwa kumi na sita."

"Wiki za mwanzo hatuhesabu," Mkunga alisema, anamimina kahawa.

"Kwa nini hatuhesabu? Pointi si pointi?"

"Watoto hawajajuana. Wengine wametoka skuli juzi, wengine wana joto la mwezi wa kumi kichwani. Sur kamchezesha nani katikati?"

"Sijui alimchezesha nani. Najua matokeo."

"Basi hujui kitu, yakhe. Yule mrefu wao hakucheza. Alikuwa na kidole kimevunjika."

Bwana Amour akaweka daftari chini. "Nani kakwambia?"

Mkunga akampa kikombe chake. Alijua kwa sababu ya soko la Jumatano. Ibra kuna soko la wanawake siku ya Jumatano, na wanawake huja kutoka Bidiya na Al Mintirib na vijiji vya katikati, kuuza na kununua nguo, ubani, na vitu vya nyumbani. Mkunga alikwenda kila Jumatano na hakununua kitu zaidi ya bizari. Alikwenda kusikiliza. Yule mchezaji mrefu wa Sur mama yake alikuwa mtu wa Bidiya, na shangazi wa mama huyo alikuwa na kibanda cha kanzu za watoto. Kwa kikombe kimoja cha kahawa pale kibandani Mkunga alipata habari za kidole, za chakula cha wachezaji, na za kocha mpya aliyewakimbiza mpaka wakatapika. Na huku akisema kila siku kwamba wiki za mwanzo hatuhesabu, mimi nilimwona kwa macho yangu anampigia simu binti yake Zuwena, aliyeolewa Sur, saa ile ile mechi ya Sur ilipokwisha. "Ngapi ngapi?" ndilo lilikuwa neno lake la kwanza. Salamu zilikuja baadaye.

Na Sur alikuwa na kinyongo nayo. Alisema ni utani, lakini haukuwa utani wote. Zuwena alikuwa mwanawe wa pekee. "Wamekwisha kunichukulia mtoto," alisema, "sasa wanataka na kikombe."

Nisimfanye malaika. Alikuwa mshindani kupita kiasi, na akishikilia jambo hakuachia. Alimnunia Bwana Amour wiki tatu nzima kwa sababu aliisifu timu ya Nizwa mbele ya wageni. Alikuwa anasahau kwamba mimi nina mitihani, akanipigia simu asubuhi na mapema nimtafsirie ujumbe wa kundi la mashabiki, kwa sababu vijana waliandika Kiarabu kwa herufi za Kizungu na namba, na yeye aliona ni ushenzi. Lakini ukimuuliza nini hasa alichokuwa akitafuta kwenye ukumbi ule wenye kiyoyozi kibovu, sidhani kama alikuwa na jibu moja. Wakati mwingine alisema alicheza mpira wa kikapu mwenyewe alipokuwa msichana wa skuli Unguja, na gauni na soksi nyeupe. Wakati mwingine alisema kwamba aliwapokea watoto elfu na hakupata kuona wanakwenda wapi.

Mwaka wangu wa tatu tulikuwa na Hilal.

Hilal alikuwa kijana wa Ibra, mwembamba, mkimya, na akipata mpira ukumbi mzima ulisimama. Mwanzo wa msimu ule tulishinda mechi mbili mfululizo, jambo ambalo lilikuwa halijapata kutokea, na Bwana Amour alianza kuandika kwa wino mwekundu. Mechi ya tatu ilikuwa nyumbani, dhidi ya Nizwa. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa sakafuni. Zikiwa zimebaki dakika mbili, pointi zilikuwa sawa, na Hilal akapewa mipira miwili ya adhabu.

Alikwenda kwenye mstari. Akainama, mikono juu ya magoti, kama wafanyavyo wachezaji wote waliochoka. Mkunga alikuwa ameshika kikombe chake. Akakiweka chini.

"Mtazame midomo yake," alisema.

"Kachoka tu, bibi."

"Hapana. Rangi ile si ya uchovu."

Kabla sijamshika, alikuwa ameinuka. Alivuka mstari wa pembeni, akakatiza uwanja kwa mwendo wake wa pole pole, buibui likiburuzika juu ya sakafu. Akafika kwa Hilal, akamshika kifundo cha mkono, akatazama juu kama mtu anayehesabu. Refa akapuliza filimbi. Kocha akapiga kelele kwa Kiarabu, "Mama, toka uwanjani, tafadhali!"

"Huyu hachezi tena," alisema Mkunga, naye kwa Kiarabu, kwa sauti iliyosikika mpaka nyuma. "Leo hachezi tena."

"Niache, bibi!" Hilal alisema, anajivuta. "Mimi mzima! Wallahi, mzima!"

Hakumwachia. Kocha alibishana, refa akabishana, mwisho kocha akamtoa Hilal kwa hasira ili mambo yaishe. Aliyechukua nafasi yake akaikosa mipira yote miwili. Refa akatupa adhabu kwa sababu shabiki wetu ameingia uwanjani. Nizwa wakapata. Tukafungwa kwa pointi mbili.

Na Hilal hakuanguka. Hilo ndilo lililokuwa baya. Alikaa kwenye benchi na taulo kichwani, akanywa maji, na robo saa baadaye alitoka kwa miguu yake hadi garini. Watu waliomheshimu Mkunga miaka yote walimpita mlangoni bila ya salamu. Kwenye kundi la mashabiki waliandika kwamba kazeeka, kwamba akili imemruka, kwamba apigwe marufuku. Mwingine aliandika kwamba katuharibia makusudi, ili wakwe wa Zuwena huko Sur watwae kikombe. Bwana Amour hakuandika kitu, lakini siku ya pili, baada ya alasiri, hakuja.

Nilikwenda peke yangu. Nilimkuta amekaa mkekani anachagua mchele, na simu iko sikioni, anazungumza na mama yake Hilal. "Mimi nilimpokea huyu mtoto, unanijua," alikuwa anasema. "Sikwambii kaumwa. Nakwambia mpeleke Maskati wamtazame moyo. Ukishampeleka, nitukane utakavyo."

Alipokata simu nikamuuliza, "Na kama hana kitu, bibi?"

Alitoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa. "Kama hana kitu, nitakuwa nimewaharibia mechi," alisema. "Nitakaa nyumbani. Yatosha."

Halafu akaniambia jambo ambalo sikupata kumsikia akilisema tena. Zamani sana, si hapa, mahali pengine, alipokuwa bado anajifunza kazi, aliona kitu kwa mama mmoja aliyejifungua. Rangi ya uso tu. Mkubwa wake akasema mambo ni mazuri, na yeye akanyamaza, kwa sababu alikuwa mdogo na hakutaka kuonekana anajua zaidi. Alfajiri yule mama hakuwepo tena.

"Sikumwambia mtu," alisema. "Nikaapa tu kwamba nikiona tena, nitasema. Hata kama ni harusini. Hata kama nitaonekana mwendawazimu."

Mama yake Hilal alimpeleka. Siku kumi tulisubiri. Katika siku hizo ilichezwa mechi nyingine, na Mkunga alikwenda, akakaa kiti chake cha safu ya kwanza na benchi yote kushoto kwake na kulia ikabaki tupu, isipokuwa mimi. Hakuna mchezaji aliyepita kumsalimia. Alikunywa chai yake. Alipiga makofi kila wetu walipopata.

Majibu yalikuja: moyo wa Hilal ulikuwa na ugonjwa wa kuzaliwa nao, misuli yake imekuwa minene mahali pasipotakiwa, na daktari alisema kwamba kijana wa namna hiyo akikimbizwa anaweza kuanguka na asiinuke. Apumzike, ameze dawa, aishi. Mpira basi.

Kwenye kundi la mashabiki hakuna aliyeandika samahani. Hatukuwa watu wa namna hiyo. Bwana Amour alikuja siku ya pili baada ya mechi iliyofuata na sahani ya haluwa nzito ya zafarani. Akaiweka mezani, akakaa mahali pake, akafungua daftari. "Sur wamemfunga Nizwa," alisema. "Kwa tisa."

"Wiki za mwanzo hatuhesabu," Mkunga alimjibu, akammiminia kahawa.

Wazazi wa Hilal walikuja kumshukuru, wakalia. Hilal mwenyewe hakuja. Kwake yeye, Mkunga hakumwokoa; alimnyang'anya. Mara mbili tulikutana naye njiani, naye akavuka upande wa pili. Mkunga hakumlaumu. "Ana miaka ishirini," alisema. "Kwake kufa ni neno tu. Mpira ndio kitu."

Ilipita karibu miaka miwili. Mimi nilikuwa mwaka wa tano, namaliza masomo. Ilikuwa tena mwanzo wa msimu, tumekaa pale sebuleni, Bwana Amour analalamika kwamba hajapata matokeo ya Sur na Nizwa kwa sababu mtandao umekatika. Mlango ukagongwa, akaingia Hilal. Amenenepa kidogo, amefuga ndevu. Alivua viatu, akambusu Mkunga kichwani, akakaa karibu na mlango.

"Natoka Nizwa," alisema. "Nilikwenda kutazama. Sur wameshinda kwa sita."

Mkunga akamsogezea sahani ya vitumbua. "Yule mrefu wao kacheza?"

"Kacheza. Lakini mguu wa kushoto haumkubali, bibi. Akigeuka kushoto anachelewa."

"Umeliona hilo?"

"Nimeliona."

"Kula," alisema Mkunga. "Kula, halafu utueleze robo kwa robo."

Akatueleza mpaka adhana ya magharibi. Toka hapo Hilal akawa mtu wa sebule ile, na baadaye msaidizi wa kocha.

Mimi niliajiriwa Nizwa, nafundisha. Maisha yakanibana, kama yanavyowabana watu. Nilimpigia simu Ijumaa, kisha mwezi mara moja, kisha sikukuu. Macho yake yalianza kupotea kwa sukari, na Zuwena akamchukua akaishi naye Sur. Nyumba ya Ibra ikafungwa.

Mwaka jana, mwanzo wa msimu, chuo chetu kilikwenda kucheza Sur siku ya Alhamisi. Niliomba ruhusa mapema nikaendesha gari, nikapita Ibra bila ya kusimama, nikapita Bidiya, mchanga umevuka barabara mahali mahali. Zuwena alinifungulia. Mkunga alikuwa amekaa kitandani amevaa buibui tayari, mdogo kuliko nilivyomkumbuka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani?"

"Mtu wa Bara."

Akacheka mpaka akakohoa. "Umechelewa. Twende, wataanza."

Zuwena alisema kwamba mama yake haoni tena kitu, hata mwanga, na kwamba zile kelele zitamchosha. Mkunga akajifanya hakusikia. Tulimpeleka kwa kiti cha magurudumu, mimi na mjukuu wake Rahma, msichana wa miaka kumi na tano asiyejua Kiswahili zaidi ya salamu. Tukamweka mbele kabisa, katikati ya mashabiki wa Sur. Vijana wetu wa Ibra walikuwa wapya, hakuna aliyemjua. Hilal peke yake alivuka kutoka benchi akambusu kichwani, akarudi kazini.

Mpira ukarushwa. Mkunga akaniinamia. "Haya, niambie."

Sikuwa nimepata kufanya kazi ile. Nilianza kwa kujikwaa. "Namba tano wetu... ana mpira. Anaudunda. Anampa mwenzake. Mwenzake anaushika..."

"Anaudaka. Wewe hufundishi huko Nizwa?"

"Nafundisha Kiingereza, bibi."

"Ndiyo maana. Anaudaka. Endelea."

Nikaendelea. Wasichana wa Sur waliokaa nyuma yetu walicheka kwanza kwa lugha ile, halafu mmoja akatulia, akasema nyumbani kwao bibi yake huzungumza hivyo. Rahma alikuwa ananitazama mdomo. Nilitangaza robo ya kwanza, ya pili, na maneno yakaja moja moja, mengine sikujua kama bado ninayo: kumpiga chenga, kumzuia, kuupokonya, kuutumbukiza. Wetu wakipata aliinua kidole kimoja kutoka kwenye paja lake. Wakikosa alisema kitu kuhusu refa, kwa sauti ya dua, nami nikatazama pembeni nisicheke.

Mapumziko alikunywa chai kidogo. "Ngapi ngapi?"

"Sur wanaongoza kwa tano."

"Si nyingi."

Robo ya nne wetu walikaribia. Nilikuwa natangaza upesi, nimesahau watu, mkono wake uko ndani ya mkono wangu. Nikahisi umelegea. Nikageuka; kichwa chake kimeegemea bega langu, mdomo umefunguka kidogo, anapumua pole pole, amelala kama walalavyo watu wazima, katikati ya kelele zote zile.

"Kalala," Rahma aliniambia kwa Kiarabu. "Khalas, basi, pumzika."

Zilibaki dakika nne na nusu. Nilishusha sauti mpaka ikawa ya sikioni mwake tu, nikaendelea. Nilimwambia namba tano kapita katikati ya watu wawili. Nilimwambia mpira umezunguka juu ya pete mara mbili ukatoka. Nilimwambia kocha kaita mapumziko, na Hilal anachora kitu kwenye ubao, na vijana wameinama wote kumsikiliza. Tulifungwa kwa pointi tatu. Nilimwambia na hilo.